Upepo, mvua na karpi wa Bwawa la Masinga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa na watu wanaofika Bwawa la Masinga, Kenya, kuvua samaki aina ya karpi kwa mara ya kwanza, pamoja na machache ya wenzangu tuliovua pamoja kwa miaka. Nimejibu nikiwa na bwawa hili moja akilini, kwa kuwa ndilo ninalolijua. Mimi navua kwa fito na mshipi nikiwa ukingoni. Wavuvi wa nyavu wana elimu yao, na mengi niliyoandika hapa nilianza kuyasikia kwao.

Kwa nini nianze na upepo na si chambo?

Kwa sababu bwawa ni kubwa. Masinga likijaa hufunika takriban kilomita za mraba 120. Lilikamilika mwaka 1981, na katika mabwawa matano ya umeme ya Seven Forks kwenye Mto Tana ndilo la juu kabisa, linalotunza maji ya mengine yote. Katika upana huo karpi hutembea kwa makundi. Ghuba iliyojaa samaki Jumanne inaweza kuwa tupu Alhamisi, na hakuna chambo kitakachomwita samaki aliye kilomita tatu kutoka kwako. Tafuta samaki kwanza. Kati ya mambo yanayowahamisha karpi ndani ya siku moja au mbili, upepo ndio unaoweza kuuona kwa macho yako ukiwa umesimama nchi kavu, bila mashine na bila mtumbwi.

Upepo unafanya nini hasa ndani ya maji?

Unayasukuma maji ya juu. Tabaka la juu husafiri kwa kasi ya kama asilimia mbili au tatu ya kasi ya upepo wenyewe. Upepo wa kilomita 20 kwa saa, ule unaoanza kutoa povu jeupe kwenye vilele vya mawimbi, huyasogeza maji ya juu karibu nusu kilomita kila saa. Ukivuma kuanzia saa tano asubuhi hadi magharibi, maji hayo yamesafiri zaidi ya kilomita tatu, yakibeba kila kinachoelea: vijimea na vijidudu visivyoonekana kwa macho, wadudu walioanguka, mbegu za nyasi, vumbi la majani.

Yakigonga ukingo hayana pa kwenda ila chini. Huzama na kurudi yalikotoka yakipita chini, kinyume cha upepo. Wakati huo huo mawimbi yanalima ukingo na kuufumua udongo wenye nyungunyungu na wale funza wekundu wa visubi wanaoishi ndani ya tope. Karpi ni mlaji wa tope. Ana sharubu nne mdomoni za kuonjea, na mdomo unaochomoza kama bomba na kunyonya. Ukingo uliolimwa na mawimbi kwake ni shamba lililotifuliwa baada ya mvua ya kwanza.

Jambo la tatu ndilo watu wengi hulisahau, nalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote hapa kwetu: mawimbi huingiza hewa majini. Nitalirudia hapo chini kwenye swali la siku tulivu.

Basi niende moja kwa moja ukingo unaopigwa na upepo?

Mara nyingi, ndiyo. Anza hapo. Lakini usisimame popote ilimradi upepo unakupiga usoni. Ukingo mrefu ulionyooka huyaacha maji yateleze pembeni na chakula kisitulie. Tafuta mahali maji yanaponaswa: pembe ya ghuba, upande wa ndani wa rasi, au mdomo wa kijito kikavu kinachoingia bwawani. Tazama pia mistari ya povu inayojipanga sambamba na upepo juu ya maji. Mahali mistari miwili mitatu inapokutana na ukingo, ndipo takataka na chakula vinaposhushwa.

Kina pia kina neno lake. Ukingo wa mteremko mpole, wenye nyasi au vichaka vilivyozama, ni bora kuliko mwamba unaotumbukia ghafla mita sita. Wimbi hulima pale tu linapogusa chini.

Upepo wa Masinga hutoka wapi?

Kwa jumla hutoka mashariki. Ukuta wa bwawa uko mwisho wa mashariki, na maji yamelala kuelekea magharibi kwa mikono miwili, ule wa Tana na ule wa Mto Thika. Kwa hiyo siku nyingi upepo huyasukuma maji ya juu kutoka upande wa ukuta kuelekea mikononi.

Majira hubadilisha pembe. Katikati ya mwaka upepo huegemea kusini-mashariki, ndugu wa ule ambao watu wa pwani huuita kusi, na kingo za kaskazini, upande wa Embu, ndizo zinazopigwa. Kuanzia Desemba hadi Machi huegemea kaskazini-mashariki, kama kaskazi ya pwani, nazo kingo za upande wa Machakos hupata zamu yao. Usiyachukue haya kama sheria. Vilima huupinda upepo, na wingu moja la radi linaweza kuugeuza kabisa kwa saa moja.

Ratiba ya siku ni ya kutegemewa zaidi kuliko ratiba ya majira. Usiku na alfajiri huwa kimya. Jua likishaipasha ardhi, upepo huamka kama saa nne au saa tano, hukua mchana, na hulala jioni.

Nimesoma kwamba upepo wa baridi hufukuza karpi na wa vuguvugu huwaleta. Ni kweli?

Ni kweli huko uliposomea. Mengi yaliyoandikwa kuhusu karpi yametoka Uingereza na nchi jirani zake, ambako wakati wa machipuko maji yana nyuzijoto nane au kumi na samaki bado amezubaa kwa baridi. Huko upepo wa kusini-magharibi huleta uvuguvugu, na ule wa kaskazini-mashariki humrudisha samaki kitandani. Mvuvi wa kule anafuata joto.

Masinga liko karibu sana na ikweta, mita elfu moja na kidogo juu ya usawa wa bahari. Maji yake hayapoi kiasi cha kumfanya karpi aache kula. Shida yake ni nyingine: maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Maji ya nyuzijoto kumi yaliyo usawa wa bahari yanaweza kushika miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Maji yetu ya nyuzijoto 25, kwenye kimo chetu ambako hewa yenyewe ni nyepesi, yakishiba kabisa hayapiti sana miligramu saba. Kwa hiyo hapa upepo wa baridi wa Julai, ule unaokufanya uvae sweta, unaweza kuwa neema: unayapoza maji kidogo, unayachanganya, na unayatia hewa. Nimewahi kuona vijana wakifungasha fito zao wakisema leo ni baridi, samaki hawali, na ghuba iliyo mbele yao imejaa mapovu ya karpi wanaochimba.

Na siku ambayo hakuna upepo kabisa?

Hii ndiyo siku inayowavunja moyo wengi, tena ni rahisi kuielewa ukijua habari ya oksijeni.

Mchana, mimea na vijimea vya majini hutoa oksijeni kwa msaada wa jua. Usiku huitumia kama sisi. Kwa hiyo oksijeni huwa chini kabisa alfajiri, kabla tu jua halijachomoza. Usiku ukiwa na upepo, mawimbi huijazia. Usiku ukiwa kimya, hakuna kitu cha kuijazia. Siku mbili tatu za joto, mawingu mazito na maji yaliyolala kama kioo, na ghuba za ndani zenye nyasi zinazooza huwa kama chumba chenye jiko la makaa na dirisha limefungwa. Karpi ni mvumilivu kuliko samaki wengi na hafi upesi, ila hula kidogo sana. Utamwona juu, mdomo nje, akivuta maji ya juu yaliyogusana na hewa. Kumtupia chambo chini wakati huo ni kazi bure.

Ufanye nini? Kwanza, zitoroke ghuba zilizofungika. Nenda kwenye maji ya wazi, ncha ya rasi, au pale mto unapoingia, kwa sababu maji yanayotembea huja na hewa. Pili, ukiweza kuvua juu, fanya hivyo: ganda la mkate linaloelea, mshipi mwepesi, bila chubwi. Tatu, na hili ndilo ninalolipenda zaidi, subiri. Upepo ukiamka saa nne au saa tano baada ya usiku wa kimya, saa mbili za kwanza za mawimbi huwa kama kengele ya chakula shuleni. Katika siku za aina hii nimevua zaidi kati ya saa tano na saa saba mchana kuliko alfajiri, ingawa kila mtu husisitiza alfajiri.

Upepo umegeuka leo asubuhi. Nihame papo hapo?

Usiwe na haraka. Maji yana kumbukumbu. Ikiwa upepo umepiga ukingo wa kaskazini siku nne mfululizo, chakula kimejaa huko na karpi wameshazoea. Saa tatu za upepo mpya haziwatoi. Mimi huupa upepo mpya siku nzima ukiwa wa kawaida, na nusu siku ukiwa na nguvu ya kutoa povu jeupe mfululizo. Ukiwa dhaifu, hubaki nilipo hata siku ya pili.

Lakini kuna upande mwingine. Upepo mpya wenye nguvu, wa kwanza baada ya siku kadhaa za kimya, huwatoa samaki haraka kwa sababu walikuwa wanangoja hewa. Huo ufuate mara moja.

Kwa hiyo ukifika bwawani swali la kwanza haliwi upepo wa leo. Muulize mwenye duka, muulize mama anayekausha samaki ufuoni: “Jana na juzi upepo ulipiga wapi, mama?” Mavumbi, majani na povu lililokaukia ukingoni pia yatakwambia.

Kuna programu ya simu inayoonyesha mgandamizo wa hewa na kusema samaki watakula lini. Niinunue?

Hapa Masinga, usinunue. Sababu ni mbili.

Kwanza, mgandamizo wa hewa ukibadilika kwa hektopaskali moja (hicho ndicho kipimo chake), kwa samaki ni sawa na kupanda au kushuka sentimita moja majini. Karpi akishuka mita moja kuchimba tope, amejibadilishia mgandamizo kwa karibu hektopaskali mia. Ni vigumu kuamini kwamba hektopaskali nne za hali ya hewa zitamuumiza tumbo.

Pili, karibu na ikweta mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka wenyewe mara mbili kila siku, kama kupwa na kujaa kwa bahari. Huwa juu kama saa nne asubuhi na saa nne usiku, na chini kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, kwa tofauti ya hektopaskali tatu hivi. Tofauti hiyo ya kila siku mara nyingi huzidi ile inayoletwa na mabadiliko ya hali ya hewa yenyewe. Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya itaona mgandamizo unashuka kila mchana na kukuahidi dhoruba kila siku. Huko mgandamizo unaposhuka huja mawingu, upepo na mvua, na hivyo ndivyo vinavyomwamsha samaki. Wewe viangalie hivyo vyenyewe.

Mvua ikinyesha karpi wanakwenda wapi?

Inategemea imenyesha wapi. Mvua kubwa ya Masinga si lazima inyeshe Masinga. Maji hushuka kutoka Aberdare na Mlima Kenya kupitia Tana na Thika, na unaweza kuwa umekaa kwenye jua kali ukaona maji yanapanda na kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Kwa hiyo wakati wa masika, Machi hadi Mei, na wa vuli, Oktoba hadi Desemba, sikiliza habari za Nyeri, Kirinyaga na Murang'a kuliko kutazama mawingu yaliyo juu ya kofia yako.

Mafuriko ya kwanza baada ya kiangazi si mazuri. Huja na tope zito, mavi ya mifugo, majani makavu, na hewa kidogo. Siku hizo karpi husogea pembeni au kurudi kwenye maji makubwa. Mpe mto siku mbili tatu. Maji ya mto huwa baridi na mazito kuliko ya bwawa, kwa hiyo yakiingia hupiga mbizi chini ya yale ya bwawa. Mahali yanapozama utaona mstari wazi: takataka na vijiti vimekusanyika, upande mmoja maji mekundu, upande wa pili yaliyotulia kidogo. Vua kando ya mstari huo, upande wa bwawa. Karpi hukaa pale wakingoja kinacholetwa.

Kisha maji yanapopanda juu ya nyasi zilizoota kiangazi, samaki huingia nyasini. Wanafuata nyungunyungu na wadudu, na pia huko ndiko wanakotaga, kwa kuwa mayai yao hunata kwenye majani. Ukisikia vishindo na migongo ikipasua maji katika kina cha magotini, wanataga. Hawali wakati huo. Waache, tafadhali. Baada ya siku kadhaa watakuwa na njaa, na utawapata kwenye ukingo wa nje wa nyasi zile zile, hasa ukiwa ndio unaopigwa na upepo. Mwaka 2024, bwawa lilipojaa hadi kumwagika, nyasi zilizofunikwa zilikuwa nyingi kiasi kwamba kwa wiki kadhaa upepo haukuwa na maana kabisa: samaki walikuwa kila mahali penye majani.

Ngurumo zikianza, weka fito chini na uondoke ukingoni. Fito za kaboni hupitisha umeme, nawe umesimama mahali pa wazi ukiinua moja angani.

Mawingu na jua je?

Maji ya Masinga huwa na tope, mwanga haupenyi mbali, kwa hiyo mawingu hayana uzito kama kwenye maji maangavu. Jua kali bila upepo huwasukuma kwenye kivuli cha vichaka. Jua kali na upepo pamoja, sahau jua, fuata upepo.

Na mwezi?

Sijaona tofauti ninayoweza kuiapia.

Nikishachagua ukingo, nirushe chambo umbali gani?

Karibu kuliko unavyodhani. Kosa ninaloliona kila wikendi ni mtu kusimama kwenye ukingo unaopigwa, kutupa mita sabini kwa nguvu zote, na kuwaruka karpi waliokuwa mita kumi na tano mbele yake, kwenye maji ya kina cha mita moja. Chakula kinafumuliwa ukingoni, nao wako ukingoni. Kaa nyuma, usitembeetembee, ongea polepole.

Ugali ukandwe mgumu kuliko wa kula, maana wimbi huumenya. Mahindi yaliyochemshwa mpaka yakapasuka hukaa vizuri zaidi kwenye ndoana. Chubwi liwe zito, gramu 80 na kuendelea, na baada ya kurusha zamisha ncha ya fito majini ili upepo usiuvute mshipi kama kamba ya tiara.

Nitajuaje kwamba kweli wapo?

Kaa nusu saa bila kurusha kitu. Mapovu madogo madogo yanayopanda kwa kundi na kusogea taratibu ni karpi anachimba. Mapovu yanayotoka mahali pale pale kila mara ni gesi ya tope tu. Kwenye mawimbi mapovu hayaonekani, kwa hiyo tafuta doa la maji yaliyolainika au yenye tope kuliko jirani zake. Karpi mkubwa akiruka na kuanguka kwa kishindo, kumbuka mahali, lakini ngoja wa pili kabla ya kuhama. Mnandi na korongo hufuata samaki wadogo. Wakikusanyika wanaonyesha kwamba kuna uhai pale, hawaonyeshi karpi.

Haya yote yanafaa Naivasha pia?

Kwa sehemu kubwa. Karpi walionekana Ziwa Naivasha mara ya kwanza mwaka 2001, na katika miaka michache wakawa ndio wengi katika samaki wanaovuliwa. Lakini lile ni ziwa, halina ukuta wala mlango wa kufungulia maji. Masinga maji yanaweza kushuka mita kadhaa katika kiangazi kimoja, na ukingo uliokupa samaki Januari ukawa shamba la nyasi Septemba. Naivasha pia maji hupanda na kushuka, ila si kwa amri ya mitambo. Ongeza na magugu ya maji yanayoelea: upepo huyasukuma yote upande mmoja na kuziba ukingo ule ule uliotaka kuvua. Huko vua pembeni mwa zulia hilo la magugu.

Upepo unaongeza hatari gani?

Ya mtumbwi inajulikana: usivuke maji ya wazi mchana upepo ukiwa umekolea, na usipande bila jaketi la kuokolea maisha hata kama mwenye mtumbwi hana lake. Rudi kabla ya saa tano au ngoja jioni.

Ya ukingoni inajulikana kidogo. Masinga kuna viboko na kuna mamba. Siku tulivu humsikia kiboko akipumua, na humwona mamba kama mstari juu ya kioo. Siku ya upepo mawimbi huficha sauti na huficha mstari. Ukingo mzuri wa kuvua, wenye tope, kina kifupi na nyasi, ndio huo huo wanaoupenda wao. Kwa hiyo usiingie majini hata kufika vifundoni kufungua ndoana iliyonasa, kata mshipi. Kaa hatua kadhaa kutoka majini na uwe na mwenzako anayetazama huku wewe ukivuta samaki. Ondoka kabla giza halijaingia, kwa kuwa kiboko hutoka kula nyasi usiku na hapendi kumkuta mtu kati yake na maji. Na kabla ya kutandika vitu vyako, tembea ukingo wote wa karibu. Ukiona mfereji laini wa tope unaoshuka hadi majini, hiyo ni njia yake, hata kama upepo unapiga hapo hapo na mapovu yanapanda. Sogea mahali pengine.